Mwalimu mkuu kamkataa binti yangu darasa la kwanza kisa kiti mwendo, sheria inasemaje?

mama_wa_kihonda

Habarini za jioni ndugu zangu, naomba mnipe mawazo maana nimefika mahali sijui nianzie wapi. Tunaishi Morogoro, nina binti wa miaka saba, alizaliwa na mgongo wazi, akafanyiwa upasuaji taasisi ya mifupa MOI pale Muhimbili akiwa mdogo na kichwani ana shanti, yaani mrija wa kupunguza maji. Miguu haina nguvu kwahiyo anatembelea kiti mwendo. Akili yake iko vizuri tu, anasoma, anahesabu, akikaa na wenzake yeye ndo anakuwa mwalimu wao.

Awali alisoma kwenye kituo cha mama mmoja hapa mtaani na hakukuwa na shida yoyote. Sasa nikaenda kumwandikisha darasa la kwanza shule ya msingi ya serikali, ni karibu sana na nyumbani, unasukuma kiti mpaka getini hata jasho halijatoka. Mwalimu mkuu hakumuuliza mtoto hata swali moja, hata jina lake hakuuliza. Alikiangalia kiti akaniambia mama huyu mpeleke shule maalum, sisi hapa hatuna mazingira. Nikamuuliza mazingira gani, akasema darasa la kwanza lina ngazi tatu, vyoo ni vya kuchuchumaa, na nani atambadilisha pampasi wakati mwalimu mmoja ana watoto zaidi ya mia. Yani anaongea hayo yote mtoto yupo pale pale anasikia. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza mama kwani ngazi haziwezi kutolewa?

Hiyo shule maalum ni ya bweni, iko wilaya nyingine kabisa. Mwanangu anatolewa mkojo kwa katheta kila baada ya masaa manne hivi, nimpeleke bweni nani atamfanyia? Na kwanini aondoke kwa mama yake akiwa na miaka saba kwa sababu ya ngazi tatu? Baba yake anasema tutafute private, nimepiga simu private mbili, moja wakaniambia wazazi wengine watalalamika, nyingine wakaniambia nilete mtoto "wamwangalie" kwanza. Majirani nao wanasema usilazimishe, mtoto atakuja kuteseka.

Naomba mwenye uelewa anisaidie, sheria inasemaje kuhusu hili, yule mwalimu ana haki ya kumkataa? Na nikitaka kufuatilia naanza na nani, maana nikimkasirisha mwalimu mkuu halafu mtoto akapokelewa naogopa atakuja kulipiziwa yeye.

---

mwl_mahitaji_maalum

Pole sana dada na hongera kwa kutokata tamaa. Mimi ni mwalimu wa elimu maalum, nimepitia chuo cha ualimu Patandi, nafundisha kitengo cha watoto wenye ulemavu kwenye shule ya kawaida, haya ya kwako tunakutana nayo kila Januari.

Jibu fupi ni hapana, hana haki ya kumkataa. Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, soma kifungu cha 27. Kinasema mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kuandikishwa shule ya umma au binafsi sawa na watoto wengine, na kwamba asome shule ya kawaida isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalum, na kwamba apewe huduma anazohitaji kutokana na ulemavu wake ili aweze kujifunza. Sasa binti yako anaongea, anasikia, anaona, mawasiliano gani maalum anayohitaji hapo? Hata wale private uliowapigia simu sheria inawagusa, msiseme tu private wana mambo yao. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu nchi yetu imeuridhia tangu 2009.

Ninachotaka ukishike ni hiki, hayo aliyokutajia mwalimu mkuu yote ni mapungufu ya shule. Ngazi ni za shule, choo ni cha shule, uhaba wa walimu ni wa shule, hakuna hata kimoja alichosema kuhusu uwezo wa mtoto wako. Kwahiyo ukienda usiende kuomba wamvumilie, nenda kuuliza hivyo vitu vitarekebishwa lini na nani, na wakati vinasubiriwa mtoto anakaa darasa gani.

Wa kuanza naye, nenda kwa afisa elimu kata halafu halmashauri kwa afisa elimu anayeshughulikia elimu maalum, muulize habari ya upimaji ili upate karatasi inayoonyesha mahitaji ya mtoto. Hiyo karatasi itakusaidia miaka yote. Mtoto mwenye maji kichwani kuna wakati anaandika taratibu au hesabu zinamchukua muda, mwalimu akijua mapema anapanga, na hata huko mbele Baraza la Mitihani (NECTA) wanawaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na 10 kwa masomo mengine. Pia mpitie afisa ustawi wa jamii, huyo mara nyingi watu wanamsahau.

Na kingine, usiende mwenyewe. Nenda na baba yake na mwenyekiti wa mtaa, na kila unachoambiwa kiwe kwa maandishi. Mtu akitakiwa kuandika "namkataa mtoto huyu kwa sababu hii" na kugonga muhuri huwa anafikiri mara mbili.

---

mzee_wa_kilosa

Dada sikuvunji moyo ila mimi nina mtazamo tofauti. Sheria zipo nyingi nzuri lakini mtoto ataishi kwenye hiyo shule siyo kwenye sheria. Darasa la watoto mia na zaidi, mwalimu mmoja, mtoto wa kiti mwendo atakaa wapi? Kengele ikilia wanatoka mbio wote yeye anabaki. Shule maalum zina walimu waliosomea, zina matron, zina mazoezi, na anakuta wenzake wenye hali kama yake hanyooshewi vidole. Mdogo wangu alisoma bweni miaka yote na leo ana kazi yake. Kwangu mimi ningeangalia kwanza wapi mtoto atatunzwa vizuri, mengine baadaye.

---

kitimwendo_dodoma

Mzee wangu shikamoo. Naheshimu mawazo yako na najua umeyasema kwa nia njema, ila naomba nijibu kama mtu mwenyewe, mimi natumia kiti tangu mtoto na nilisoma bweni shule maalum toka darasa la kwanza mpaka la saba.

Walitutunza vizuri, walimu wangu nawaheshimu mpaka leo. Lakini nilikuwa narudi nyumbani likizo tu, nikirudi mtaani sijui mtu, wadogo zangu wananiona mgeni, watoto wa jirani wananiogopa maana hawajawahi kucheza na mimi. Nimemaliza shule nikarudi kuishi kwenye mtaa ambao hakuna aliyenizoea. Nimeomba kazi kwa watu ambao hawajawahi kukaa dawati moja na mtu wa kiti mwendo hata siku moja maishani mwao, na unaliona hilo usoni kwao ukiingia kwenye usaili, mtu anaangalia kiti anaacha kusikiliza unachosema. Sheria hiyohiyo ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na wenye ulemavu angalau asilimia 3. Sasa hao watatoka wapi kama mtoto anasimamishwa darasa la kwanza kwa ngazi tatu? Na huyo mwajiri atajifunza lini kumwona mtu kama alikua bila kutuona?

Kengele ikilia wanakimbia atabaki, ni kweli mzee, wiki ya kwanza atabaki. Baadaye watoto wenyewe wanajipanga, watoto wana akili kuliko sisi. Shida kubwa itakuwa kuwazuia wasimsukume ovyo, hapo mama naomba unisikilize vizuri, waambie walimu wawafundishe watoto kwamba kiti ni mwili wake, hakisukumwi mpaka mwenyewe aombe, na mtoto afundishwe kufunga breki mwenyewe kila anaposimama.

Jambo jingine ambalo watu hawalisemi ni vidonda. Mtoto wa mgongo wazi mara nyingi hana hisia vizuri chini kwahiyo akikaa masaa yote ya shule bila kuinuka anapata kidonda bila kujua, na kidonda cha kukalia kinaweza kumlaza miezi. Atumie mto mzuri wa kukalia, na afundishwe kujiinua kwa mikono kwenye kiti kila baada ya robo saa mpaka nusu saa, iwe tabia tu. Jioni ukimwogesha mwangalie makalio na visigino, ukiona pekundu hapaondoki usimkalishe hapo mpaka paishe.

Mpeleke hapo jirani dada. Usikubali.

---

kiziwi_wa_mwanza

Mimi ni kiziwi. Naongeza kitu hapa watu wasichanganye mambo.

Kwa mtoto wa kiti mwendo nakubali 100%, shule ya jirani. Lakini viziwi tofauti. Mimi nilianza shule ya kawaida karibu na nyumbani, miaka miwili nimekaa darasani naangalia mdomo wa mwalimu, sijapata kitu. Mwalimu akigeukia ubao mimi nimekwisha. Mzazi anaambiwa mtoto mtulivu, hasumbui. Nilipopelekwa shule ya viziwi nikakuta watoto wanaongea kwa mikono uwanja mzima, ndiyo nikapata lugha. Ndiyo nikajua jina langu linavyoandikwa maana yake ni mimi.

Kwahiyo elimu jumuishi, yaani watoto wote kusoma pamoja shule ya kawaida, bila lugha ya alama kwetu ni mlango umefunguliwa tu, ndani hakuna kitu. Ile sentensi aliyoandika mwalimu hapo juu ya mawasiliano maalum ni muhimu sana. Kila ulemavu uulizwe peke yake, na wenyewe tuulizwe. Afisa asije kuwaambia wazazi wa viziwi "serikali inataka jumuishi" akamtupa mtoto kwenye darasa ambalo hakuna hata mtu mmoja anajua alama.

Mama hongera. Na huyo mwalimu mkuu angemuuliza jina tu mtoto.

---

mama_wa_kihonda

Ndugu zangu nashukuru sana, nimesoma yote mara mbili mbili na baba yake nimemsomea. @mzee_wa_kilosa sijachukia, hata mimi hayo yananinyima usingizi. @kitimwendo_dodoma hilo la vidonda alishawahi kupata kimoja mguuni kwenye chuma cha kiti, hajalia wala nini, nimekiona kwenye soksi.

Kinachonitia hofu sasa ni choo. Ngazi naelewa zinaweza kurekebishwa, ila suala la katheta na pampasi nikikaa mbele ya hao maafisa wakiniuliza nani atafanya najibu nini? Kuna mzazi mwenye mtoto wa mgongo wazi aliyeko shule ya kawaida humu?

---

mama_likoni

Assalaam aleikum mamangu. Mimi niko Likoni Mombasa, mwanangu wa mgongo wazi yuko gredi ya nne shule ya kawaida ya serikali, na yeye pia ni msichana. Nilivyosoma habari yako nikajiona mimi vile nilivyokuwa.

Jibu la katheta ni kuwa atajifanyia mwenyewe. Usishtuke. Miaka saba ni umri mzuri wa kuanza kumfundisha, wasichana huanzia na kioo kidogo akiwa amekaa, aone tundu liko wapi, kisha siku moja utamkuta hata kioo hataki. Mwambie nesi wa kliniki yenu akae nanyi amfundishe vizuri. La muhimu ni mikono kuoshwa kwa sabuni na maji safi, na ratiba isirukwe, maana mkojo ukikaa ndani unaharibu figo. Wangu nilipanga hivi, asubuhi kabla kutoka nyumbani, halafu mapumziko ya saa nne, halafu saa saba. Muhula wa kwanza nilikuwa naenda mwenyewe hayo mapumziko, nikamaliza ninarudi. Muhula wa pili nikawa nasimama nje ya mlango tu. Sasa siendi. Kwahivyo wakikuuliza nani atafanya, waambie mwanzo nitakuja mimi na huku anafundishwa, kile ninachotaka kwenu ni chumba chenye mlango unaofungika, maji na pahali pa kukalia. Hiyo shule yoyote ina kona yake, sisi tulipewa stoo ya vifaa vya michezo ikasafishwa.

Haja kubwa nayo utamzoesha saa maalum nyumbani, jioni baada ya chakula, ili shuleni iwe nadra. Maji mengi, matunda, mboga. Inachukua muda lakini inashika.

Halafu mwandikie mwalimu wa darasa karatasi moja yenye mambo mawili. La kwanza ni shanti, mtoto akilalamika kichwa sana, akitapika, akiwa na usingizi usio wa kawaida, wakupigie simu papo hapo na apelekwe hospitali, wasimpe panadol wakamlaza ofisini. La pili ni latex, yaani mpira wa maputo na glavu, watoto wetu wengi mwili hukataa hiyo mpira, kwahivyo hata katheta chagua zisizo za latex na siku za sherehe wasimjazie maputo mkononi.

Huku kwetu katiba ya 2010 kifungu cha 54 kimeandika wazi kuwa mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuingia shule zilizojumuishwa na jamii, na kuweza kufika pahali pote kwa kiasi kinachofaa. Lakini mamangu, hata na katiba hiyo nilizungushwa vilevile. Kilichowalegeza ni pale tulipokwenda wazazi wanne kwa pamoja wenye watoto tofauti tofauti. Najua kwenu kuna chama cha wazazi wa watoto wa vichwa vikubwa na mgongo wazi, ASBAHT, watafute, usibebe peke yako.

---

fundi_mwashi_moro

Dada mimi ni fundi wa hapa hapa Moro, niongelee ngazi maana naona kila mtu anaitaja kama mlima.

Ngazi tatu za shule kwa kawaida kila moja ni kama sentimeta 15, jumla 45. Rampu inayofaa kwa kiti mwendo kila sentimeta moja ya kupanda inataka sentimeta 12 za urefu, kwahiyo 45 mara 12 unapata mita 5 na sentimeta 40. Usikubali fundi akuwekee fupi ya mita mbili eti inatosha, mtoto hawezi kupanda mwenyewe na akishuka anateleza mpaka kwenye bendera. Kama nafasi ya mbele haitoshi basi ipite ubavuni mwa varanda. Upana usipungue mita 1.2, pembeni ukingo wa sentimeta 10 tairi lisichomoke, na juu kabla ya mlango acha pasawa mita moja na nusu ili afungue mlango bila kurudi nyuma. Juu usipige nilu ikawa laini, acha ikwaruze kwa ufagio, mvua ikinyesha utanishukuru.

Kwa vipimo hivyo saruji haizidi mifuko kumi, ndani unajaza mawe na kifusi cha hapo hapo. Kamati ya shule ikiamua ni kazi ya wikiendi mbili. Kwenye choo tundu moja tu linatosha, mlango upana sentimeta 90 na ufunguke kwa nje, ndani nafasi ya kiti kugeuka, choo cha kukaa na mabomba mawili ya kushikia ukutani, yafungwe kwa nati za zege siyo misumari.

Na kabla hata ya rampu, uliza kama hiyo shule haina chumba kingine kisicho na ngazi. Madarasa mengi ya shule zetu yamejengwa kwenye mteremko, upande mmoja juu upande mwingine chini sawa na ardhi. Darasa la kwanza lihamie huko, madawati yanabebeka. Mimi nipo, ufundi wangu ntatoa bure, mje na saruji tu.

---

mzee_wa_kilosa

Marahaba @kitimwendo_dodoma. Nimekusoma, hasa hapo pa kurudi mtaani hujui mtu. Mdogo wangu naye hajawahi kuishi nyumbani tangu amalize, sikuwahi kuliwaza kwa upande huo. Dada mimi nachangia mifuko miwili ya saruji.

---

mwl_mahitaji_maalum

Safi sana. @kiziwi_wa_mwanza umesema kitu ambacho hata maafisa wetu wengine hawakijui, asante.

Dada sasa andika barua, ukurasa mmoja tu. Iende kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, afisa elimu kata, afisa elimu msingi wa halmashauri na ustawi wa jamii. Usimshambulie mtu, hilo litakuondolea ile hofu ya kulipiziwa. Taja tarehe uliyompeleka mtoto na ulichojibiwa, taja kifungu cha 27, halafu omba vitu kwa majina yake: aandikishwe sasa hivi siyo mwakani, darasa la kwanza likae chumba kisicho na ngazi mpaka rampu ijengwe, chumba chenye maji na mlango kwa ajili ya katheta, na kikao cha wewe na mwalimu wa darasa kabla hajaanza. Ambatanisha karatasi ya hospitali. Mwishoni eleza kwamba fundi amejitolea na saruji imeanza kuchangwa, na uombe wakujibu kwa maandishi. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki na yako.

Na mtoto aende na wewe siku hiyo akiwa na sare kabisa, akae mbele, na akiulizwa jina ajibu mwenyewe. Nitumie rasimu ya barua inbox nikupitishie kabla hujachapa.